SOMO LA WIKI: Jina Mgongoni mwa Jezi Lina Thamani Gani Mbeya na Iringa?

Jezi za mpira wa miguu ni miongoni mwa bidhaa zinazotembea kwa kasi katika masoko ya Nyanda za Juu Kusini. Kuanzia Mwanjelwa na Kabwe jijini Mbeya hadi Miyomboni na Mashine Tatu mjini Iringa, jezi huning'inizwa kando ya mashati ya mitumba na viatu vya wanafunzi. Hata hivyo, wafanyabiashara wengi hununua jezi kwa mapenzi ya timu badala ya hesabu. Somo la wiki hii linachambua mambo mawili yanayoongeza au kupunguza thamani ya bidhaa hiyo pale jina la mchezaji linapochapwa mgongoni, yaani soko la timu na utaifa wa mchezaji.

Bei si kipimo pekee

Kwanza ni vyema kutofautisha bei na mzunguko. Jezi halisi ya klabu huuzwa kwa bei inayokaribiana nchi nzima, iwe imeandikwa jina la nyota au la mchezaji wa akiba. Kwa hiyo thamani ya jina haionekani sana kwenye bei. Huonekana katika idadi ya siku ambazo jezi inakaa dukani kabla ya kupata mnunuzi.

Tuchukue mfano wa darasani. Mfanyabiashara ana mtaji wa shilingi 1,000,000, ananunua jezi 40 kwa shilingi 25,000 kila moja. Akiuza jezi za timu kubwa kwa faida ndogo ya shilingi 6,000 na zote zikaisha kwa mwezi mmoja, anapata faida ya shilingi 240,000. Akirudia mara nne, katika miezi minne amepata shilingi 960,000. Mwenzake mwenye jezi za timu ndogo anaweka faida ya shilingi 10,000 kwa kila jezi, lakini inamchukua miezi minne kumaliza jezi 40. Faida yake ni shilingi 400,000 tu. Wa pili amepata faida kubwa zaidi kwa kila jezi, lakini mtaji wake umelala.

Soko la timu

Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936 ni klabu za Dar es Salaam kwa anwani, lakini soko lao ni la nchi nzima. Mpenzi wa Simba yupo Tukuyu, Makambako, Mafinga na Kilolo. Ukubwa wa soko hilo unapimwa kwa fedha ambazo makampuni yako tayari kulipa. Mwaka 2021 Simba iliingia mkataba wa jezi na kampuni ya Vunjabei wenye thamani iliyotangazwa kuwa shilingi bilioni 2 kwa miaka miwili. Mwaka 2025 zabuni hiyo ilikwenda kwa kampuni ya Jayrutty kwa shilingi bilioni 38 kwa miaka mitano. Kwa wastani, thamani imepanda kutoka shilingi bilioni 1 kwa mwaka hadi shilingi bilioni 7.6. Fedha hizo hulipwa kwa kutegemea mnunuzi wa mwisho, akiwamo yule wa Mwanjelwa.

Timu za nyumbani zina historia tofauti. Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na kumaliza katika nafasi ya tatu, mbele ya Simba. Jiji lilihamasika, na jezi za zambarau zikaonekana mitaani. Msimu wa 2022/23 timu ilishuka daraja, ikarejea Ligi Kuu msimu wa 2025/26. Mwenye duka aliyenunua shehena ya jezi hizo kabla tu ya timu kushuka alikumbana na soko lililopungua, ingawa kitambaa, rangi na ushonaji vilikuwa vilevile.

Iringa nayo ina mfano wake. Lipuli ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019 ambako ilifungwa na Azam bao 1-0, kisha ikashuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2019/20. Kutoka fainali hadi kushuka, ulipita takriban mwaka mmoja tu.

Mfano mkali zaidi ni wa Ihefu ya Mbarali. Novemba 29, 2022 timu hiyo iliifunga Yanga mabao 2-1 na kukatisha mfululizo wa michezo 49 ya ligi bila kupoteza. Siku hiyo jina la Ihefu lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Msimu uliofuata timu ilihamia Singida, na mwaka 2024 ikaitwa Singida Black Stars. Jezi yenye jina la Ihefu ikabaki haina timu wala mji. Hii ndiyo hatari kubwa ya timu ndogo: soko lake ni mji mmoja, na timu ikiondoka soko linabaki bila bidhaa.

Utaifa wa mchezaji

Kanuni za ligi katika misimu ya karibuni zimeruhusu klabu kusajili hadi wachezaji 12 wa kigeni. Nyota wengi ambao majina yao huchapwa mgongoni ni wageni. Clatous Chama ni Mzambia, Fiston Mayele ni wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Stephane Aziz Ki anaichezea Burkina Faso. Je, ugeni hupunguza thamani?

Katika mauzo ya kila siku, haupunguzi. Shabiki wa Yanga aliyenunua jezi ya Mayele hakununua Kongo, alinunua mabao. Kasoro ya mchezaji mgeni iko kwingine: anapoondoka, hana soko la pili nchini. Mayele alipohamia Pyramids ya Misri mwaka 2023, jezi ya Yanga yenye jina lake iligeuka kumbukumbu. Aidha, mabao yake kwa timu yake ya taifa hayamsaidii mwuza jezi wa Iringa.

Chama ni somo peke yake. Alijiunga na Simba mwaka 2018, akaenda RS Berkane ya Morocco mwaka 2021, akarudi Simba mwaka 2022, na Julai 2024 akasajiliwa na Yanga. Siku ya usajili huo, jezi nyekundu yenye jina la Chama ilipoteza wanunuzi wa pande zote mbili. Mpenzi wa Simba hataki jina, na mpenzi wa Yanga hataki rangi. Mpaka wa Zambia uko Tunduma, zaidi kidogo ya kilometa 100 kutoka Mbeya, na mtu anaweza kudhani jezi hizo zingepata soko Nakonde. Lakini Mzambia anayetaka kuonyesha uzalendo ana jezi ya timu yake ya taifa. Ukaribu wa mpaka hauwi soko mpaka awepo mnunuzi mwenye sababu ya kununua.

Mchezaji Mtanzania ana faida ya soko la pili, yaani Taifa Stars. Tanzania ilicheza fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 2019 baada ya kukosa tangu mwaka 1980. Mwaka 2025 ilikuwa mwenyeji wa michuano ya CHAN pamoja na Kenya na Uganda, na ikafika robo fainali. CHAN ni ya wachezaji wanaocheza ligi ya nchi yao, kwa hiyo mgeni wa Simba au Yanga hana nafasi hapo. Jina la mzawa linaweza kuuzwa kwenye jezi ya klabu na ya taifa, na kwenye jezi ya taifa mashabiki wa Simba na Yanga hukutana.

Hata hivyo uzawa hautoshi bila soko la timu. Feisal Salum alitoka Yanga kwenda Azam mwaka 2023. Msimu wa 2023/24 alifunga mabao 19, nyuma ya Aziz Ki aliyefunga 21. Tofauti ilikuwa mabao mawili tu, lakini umati wa mashabiki nyuma ya kila mmoja ulitofautiana sana. Azam ina uwanja wake na fedha, lakini haina mashabiki wa kulingana na Yanga huku Nyanda za Juu. Kiwango kilibaki na mchezaji, wateja wakabaki na klabu.

Mbwana Samatta anaonyesha upande wa pili. Januari 2020 alikuwa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza, Aston Villa. Timu ambayo haikuwa na wapenzi wengi nchini ikaanza kuzungumzwa vijiweni kwa sababu ya utaifa peke yake. Septemba mwaka huohuo alipelekwa kwa mkopo Fenerbahçe ya Uturuki. Nafasi ya kuuza jezi ya Villa yenye jina lake ilidumu takriban miezi minane. Utaifa uliumba soko, na uhamisho ukalifunga.

Mfano kutoka Kanada

Jambo hili si la Tanzania pekee. Kanada na Marekani kuna biashara kubwa ya kadi zenye picha za wachezaji wa mpira wa magongo wa kwenye barafu. Kadi ya mwaka 1979 ya Wayne Gretzky, Mkanada aliyechezea timu ya mji wa wastani wa Edmonton kabla ya kuhamia Los Angeles mwaka 1988, ilichapwa na kampuni mbili: O-Pee-Chee ya Kanada na Topps ya Marekani. Ile ya Kanada, nchi ambayo mchezo huo ni kama dini, ndiyo yenye bei kubwa zaidi. Mwaka 2021 moja iliyotunzwa bila dosari iliuzwa kwa dola milioni 3.75. Lakini mwekezaji mdogo asidanganyike. Kadi ya mwaka wa kwanza haichapwi tena, na uhaba hupandisha bei. Jezi hubadilishwa kila msimu, na ya zamani hushuka.

Msimu wa fedha na msimu wa jezi

Mnunuzi wa Mbeya na Iringa hupata fedha baada ya mavuno ya mpunga wa Usangu na mahindi, kati ya Mei na Agosti. Maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya hufanyika wakati huo, na kwa desturi jezi mpya hutoka karibu na kipindi hicho. Lakini desturi si ahadi. Mwaka 2025, ligi ilianza Septemba baada ya CHAN kuisha. Aliyekopa akitegemea wateja wa Nane Nane alilipa riba kabla ya kupata bidhaa.

Kanuni za kufuata

Turudi kwenye mfano wetu wa jezi 40 za shilingi 25,000, zinazouzwa shilingi 35,000. Zote zikiisha, faida ni shilingi 400,000. Mchezaji akihama na jezi 10 zikabaki, zikauzwa kwa shilingi 15,000, faida inashuka hadi shilingi 200,000. Zikibaki 20, faida imekwisha yote. Kutokana na hesabu hiyo, mfanyabiashara azingatie yafuatayo:

1. Anunue jezi zisizo na jina, achape jina na namba baada ya mteja kulipa. Jezi tupu ni ya klabu, na klabu haihami kirahisi kama mchezaji.

2. Jezi zenye majina azipunguze kabla ya madirisha ya usajili, hasa za wageni ambao mikataba yao inaelekea ukingoni.

3. Jezi za timu za nyumbani anunue chache na mara nyingi. Akingoja matokeo mazuri ndipo ajaze stoo, ajue amenunua kileleni.

4. Asinunue jezi za kughushi. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inaruhusu bidhaa hizo kukamatwa, na mtaji wote hupotea kwa siku moja.

5. Kabla ya kununua jina lolote ajiulize: mchezaji huyu akiondoka kesho, nani katika mji huu bado atataka jezi hii? Jibu likiwa "hakuna", idadi ya kununua iwe ile tu inayoweza kuisha ndani ya wiki mbili.