Matakwa Mengi kwa Wakati Mmoja: Tumaini Linalosaidia Tiba na Ndoto Inayoichelewesha

Yameenea mafundisho yanayomtaka mtu aone moyoni yote anayoyatamani, yaani afya, mali, nyumba na ndoa, kana kwamba amekwisha kuyapata, kisha asubiri yatimie. Kwa mwenye maradhi ya kudumu, jambo hili si la mjadala mtupu. Akiamini kwamba kujiona mzima kunatosha, huenda akaacha dawa; na shinikizo la juu la damu huharibu moyo, figo na ubongo bila kutoa dalili.

Mfano

Tuchukue mfano wa mchuuzi wa dagaa anayeishi Rusimbi, Kigoma, na kununua mzigo wake katika mwalo wa Kibirizi. Ana matakwa matatu: kushusha shinikizo la damu, kujenga nyumba na kusomesha mtoto. Yote ni mema, lakini yote yanadai asubuhi ileile na fedha zilezile. Siku ya kliniki ndiyo siku ya mzigo. Nauli ya kliniki ndiyo fedha ya saruji. Fikra njema haziondoi mgongano huo. Mwaka 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, hapakuwa na taswira ya moyoni ambayo ingelifungua ziwa. Kilichofaa ni akiba na mpango.

Utafiti unasema nini

Mwaka 1991, Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walichapisha utafiti juu ya wanawake 25 waliokuwa katika matibabu ya kupunguza uzito. Waliotarajia kufaulu walipungua zaidi. Lakini waliojichorea ndoto tamu kuhusu miili yao mipya walipungua kidogo. Tarajio na ndoto si kitu kimoja. Tarajio hutokana na yale mtu aliyokwisha kuyaweza; ndoto humwonjesha ushindi kabla ya safari, naye akalegea.

Kuhusu wingi wa matakwa, Amy Dalton na Stephen Spiller walionyesha mwaka 2012 kwamba kupanga kwa kina lini, wapi na vipi jambo litatendwa humsaidia mwenye lengo moja, lakini faida hiyo hufifia malengo yakiwa mengi, kwa kuwa mtu huona ugumu wa yote kwa pamoja na kukata tamaa. Wahenga walikwisha kusema: mshika mbili moja humponyoka.

Hatua nne

1. Taja matakwa yote, kisha chagua moja la kuanza nalo. Afya ikiwa hatarini, itangulie, kwa kuwa ndiyo inayobeba mengine.
2. Taja faida yake kubwa kuliko zote, uione moyoni kwa muda mfupi.
3. Taja kikwazo cha kweli, hasa kilicho ndani ya uwezo wako.
4. Funga kikwazo na tendo kwa maneno "ikiwa" na "basi".

Mchuuzi wetu anaweza kusema: "Ikiwa nimetua beseni, basi nitameza kidonge kabla sijaanika dagaa." Tena: "Ikiwa mbalamwezi imefika, basi nitakwenda kliniki." Wakati wa mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri na mzigo hupungua, nayo hurudi kila baada ya siku 29 au 30, karibu sawa na dawa za mwezi mmoja. Akiona siku zitapishana na vidonge kwisha, amwombe mhudumu ampangie tarehe mapema. Tendo likishakuwa mazoea, ndipo takwa la pili lipangiwe hatua zake.

Kwa mhudumu wa afya

Usimdhihaki mgonjwa anayesali au anayejipa moyo. Tumaini humleta kliniki. Muulize, "Unatamani nini, na nini kinakuzuia?" kisha usikilize. Usimwambie kwamba ugonjwa umezidi kwa sababu ya mawazo mabaya: kauli hiyo humwongezea hatia juu ya maradhi. Mwenye huzuni isiyokoma, asiyelala wala kufurahia chochote kwa wiki mbili au zaidi, apelekwe kwa uchunguzi, asiamriwe tu kufikiri mema.

Kwa mgonjwa

Kujisikia vizuri si ruhusa ya kuacha dawa. Huenda ni kwa kuwa dawa inafanya kazi. Pima kwanza, zungumza na mtabibu, ndipo pabadilishwe chochote.