Wino na Jua: Kuchagua Katriji za Printa ya Ramani

Mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, upo karibu digrii 3 kusini mwa Ikweta. Jua lake hukausha pamba vizuri, lakini pia hufifisha maandishi. Ramani ya viwanja ikipauka ukutani, mstari wa mpaka huweza kutoweka na ugomvi wa majirani ukaanza. Hivyo mnunuzi wa katriji za printa kubwa hana budi kujua aina ya wino uliomo.

Wino wa maji ni wa aina mbili. Katika aina ya kwanza, rangi imeyeyuka kabisa, kama sukari katika chai. Hung'aa, lakini kila molekuli hupigwa na mionzi ya urujuanimno bila kinga, ikavunjika na kupoteza rangi. Katika aina ya pili, rangi ni chembe zisizoyeyuka, zenye upana wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Mwanga hushambulia zaidi molekuli za juu ya chembe. Za ndani husalimika. Aina hii ndiyo ifaayo kwa ramani.

Hata hivyo, aina hizi zisichanganywe, kwani chembe huweza kugandamana na kuziba matundu ya kichwa cha kuchapia, ambayo ni membamba kuliko unywele. Katriji iwe ile iliyotajwa katika kitabu cha maelekezo ya printa.

Jaribio: Funika kwa kadibodi nusu ya karatasi iliyochapwa, iweke juani dirishani kwa wiki nne, kisha linganisha nusu zote mbili.