Safari ya Ndege Huanzia Stejini: Mwongozo kwa Wakazi wa Nyeri

Kwa mkazi wa Othaya, Mukurwe-ini au Mweiga anayesafiri ng'ambo kwa mara ya kwanza, sehemu ngumu ya safari si ile ya angani. Ni kilomita 150 hivi za kutoka mjini Nyeri hadi Nairobi, kisha jiji lenyewe, kabla hajaiona ndege.

Kosa linalowagharimu wengi huanzia kwenye tiketi. Saa za ndege huandikwa kwa mfumo wa saa 24, na tarehe hubadilika saa sita usiku. Tiketi inayosema tarehe 15, saa 00:45, inamaanisha usiku wa kuamkia tarehe 15. Msafiri anatakiwa awe uwanjani jioni ya tarehe 14. Anayefika jioni ya tarehe 15 ameachwa na ndege karibu siku nzima iliyopita, na huenda familia imekodi matatu kuja kumuaga. Kabla ya kumlipa dereva, mpe tiketi mtu mwingine aisome, kisha mlinganishe.

Baada ya hapo, hesabu kwa kurudi nyuma. Kaunta za safari za kimataifa aghalabu hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka, na abiria hushauriwa kufika saa tatu kabla. Kwa ndege hiyo ya 00:45, uwe JKIA kufikia saa tatu na dakika 45 usiku. Nyeri hadi Nairobi ni saa mbili na nusu hadi tatu barabara ikiwa shwari, na jioni msongamano wa jiji unaweza kula saa mbili zaidi. Kuondoka Nyeri saa nane mchana si woga. Ijumaa, msimu wa mvua na mwezi wa Desemba, ondoka mapema zaidi.

Matatu za Nyeri huishia katikati ya jiji, na kutoka hapo namba 34 huenda hadi uwanjani. Ni nafuu, lakini kwa mwenye masanduku mawili jioni, ni mateso. Mwenye gari la binafsi au la kukodi hahitaji kuingia mjini kabisa: atoke Thika Road pale Ruiru, ashike Eastern Bypass, apite Utawala na kutokea Mombasa Road karibu na uwanja. Langoni, abiria hushuka na kukaguliwa kwa miguu huku dereva akipita na gari. Usishtuke, na usiache pasipoti kwenye kiti. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hivyo nduma na majani chai ya nyumbani yafungwe kwa namna nyingine.

Anayerejea au kupokea mgeni ana hesabu yake. Ndege ikitua usiku, ni heri kungoja mapambazuko kuliko kupanda gari la Nyeri gizani. Mtu asikushikie mzigo kabla hamjapatana nauli.

Mgeni anayekuja moja kwa moja upande wa Mlima Kenya anaweza kuruka hadi Nanyuki, katika kaunti jirani ya Laikipia, kilomita 60 hivi kutoka mjini Nyeri kupitia Naro Moru. Lakini ndege hizo ndogo huondoka Wilson, barabara ya Lang'ata, wala si JKIA. Anayetua JKIA saa nne asubuhi asikate tiketi ya Wilson ya saa tano. Mzigo nao una kikomo, mara nyingi kilo 15, na begi laini la kitambaa hupendelewa kuliko sanduku gumu. Akitoka Mombasa kati ya Juni na Agosti, mwambieni abebe sweta, na aliweke kwenye begi la mkononi.