Mwenzetu Anaumwa, Amenikataza Nisiseme

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kiomboi. Darasa letu lilimaliza Chuo cha Ualimu Kinampanda mwaka 1984, mwaka aliokufa Waziri Mkuu Sokoine. Tuliobaki tuna umoja wetu, na mimi ndiye katibu tangu uanze. Habari zote hupitia kwangu: nani ameozesha binti, mtoto wa nani amehitimu, nani katangulia mbele ya haki. Siku hizi mume wangu akiona nimepokea simu nikanyamaza, ananiuliza, "Nani tena?"

Mwezi wa nane nilikwenda msibani Ndago, nikapitia kwa mwenzetu mmoja aliyekuwa kimya muda mrefu. Nilimkuta amepata kiharusi. Mkono wa kulia haufanyi kazi, na ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko sisi sote. Kikombe cha chai anashikiwa na mkewe. Nyumba imeezekwa lakini haijapigwa lipu, na madirisha mawili yamezibwa kwa matofali. Aliniambia kwa shida, "Usiwaambie." Mkewe alinisindikiza hadi barabarani, akalia, hakusema kitu.

Wenzetu wanamuulizia. Niliwaambia amehamia kwa mwanawe Dar es Salaam. Sasa mmoja wetu anasema jamaa amejivuna tangu astaafu. Desemba tunakutana Singida mjini. Nikisema, nimevunja ahadi. Nisiposema, akija kufa nitaambiwa nilimficha wakati mfuko wa umoja una hela. Nifanyeje?

Katibu, Kiomboi

*

Shikamoo, Mwalimu.

Usiseme. Wewe ni katibu wa umoja, si katibu wa mwili wake. Angekuwa hajitambui, ningekuambia ukae na mkewe na watoto muamue. Lakini anajitambua. Amekutazama usoni akakutamkia neno moja, na kwa hali yake neno hilo limemgharimu. Halipelekwi kikaoni likajadiliwe.

Ila hilo la Dar es Salaam lifute mapema. Alikuomba unyamaze, hakukuomba useme uongo, na uongo huo ndio uliozaa maneno ya majivuno, maana sasa anaonekana mtu aliyehama bila kuaga. Wakikuuliza tena waambie: "Hajahama, nilikosea. Nimeonana naye. Mengine mwachieni mwenyewe." Wengi watakuelewa. Wasioelewa watanuna, na kununa hakuui.

Sasa nirudi kwenye kitu ulichokitaja kama mtu anayepita njia: lipu na madirisha. Sidhani mwenzenu anaficha kiharusi. Kwa rika lenu presha na sukari ni mazungumzo ya kila siku, hakuna anayeona haya. Anaficha nyumba. Anajua habari ikifika tu, mtakodi Noah mtajaa humo, mtashuka uwanjani kwake na mtaingia sebuleni, na kila mmoja ataangalia kuta huku akimpa pole.

Umoja wa watu waliosoma pamoja ukizeeka, habari zake huwa za namna mbili tu, sherehe na msiba. Mtu akianza na "namshukuru Mungu kwa kidogo alichonijalia", jiandae kuona picha ya ghorofa. Aliyekwama katikati, ambaye hajafa wala hana cha kupigiwa vigelegele, hana pa kujiweka. Ananyamaza. Na kimya chake kinatafsiriwa na wenye ghorofa.

Walimu mna la ziada. Mlilala bweni moja, mkaanza kazi kwa mshahara uleule, mkasubiri kupanda madaraja kwenye foleni ileile. Mwishoni tarehe ya kuzaliwa ikawagawa. Aliyetimiza miaka 60 Mei 2022 alilipwa mkupuo wa asilimia 50 ya mafao yake. Aliyetimiza Agosti mwaka huohuo alikutana na kikokotoo kipya cha mafao kilichoanza Julai 1, mkupuo ukawa asilimia 33, na hesabu yenyewe ya kupata hayo mafao ikawa imebadilishwa. Mwaka 2024 serikali ilipandisha hadi asilimia 40, baada ya malalamiko mengi ya wafanyakazi. Najua, watasema fungu la pensheni ya kila mwezi lilikua. Lilikua, ndiyo. Lakini nani amepiga lipu kwa pensheni ya mwezi? Kwa hiyo inawezekana kabisa watu wawili waliokaa dawati moja Kinampanda, mmoja amemaliza nyumba na mwingine ameishia kwenye bati, na wote wawili wanaamini tofauti ni akili. Hili ulisemee Desemba. Halina siri ya mtu yeyote ndani yake, na huyo anayezungumzia majivuno atalisikia vizuri.

Kabla ya hapo, rudi Ndago. Nenda peke yako, na jogoo wako mkononi. Mtu wa Singida sina haja ya kumfundisha hilo. Usiende na daftari la umoja. Kaa naye, mkewe akiwepo, umuulize jambo moja: katika wote waliobaki, yupi angependa ajue? Mtu mmoja tu. Huenda ni aliyelala naye kitanda cha juu na chini, huenda ni mtu ambaye wewe usingemfikiria. Akikataa hata huyo, usimsukume, muulize tena safari nyingine. Akikubali, mzigo umepata mbebaji wa pili, na yeye ameanza kurudi kwa wenzake kwa mlango anaouchagua mwenyewe.

Kisha msimulie. Wagonjwa tunawapa uji na dawa, umbea tunawanyima. Mwambie nani kaoa tena uzeeni, nani kagombea uenyekiti wa kijiji akapata kura za wanawe, nani amezikwa na mvua ilivyonyesha. Mwambie hata anavyosemwa kuwa amejivuna. Hasa hilo. Atacheka, kwa upande wa mdomo unaocheka.

Mama yule aliyelia barabarani naye umuangalie. Ananyanyua mtu mzima asubuhi na jioni, na amefungwa na "usiwaambie" ambayo hakuulizwa. Usimfanye mpelelezi wako. Mpe namba yako ya simu, umuulize mambo ya kawaida: vidonge vya presha havijakatizwa? Anapelekwa kwenye mazoezi ya viungo, au mkono umeachwa tu? Kadi ya bima inafanya kazi? Mtumishi aliyechangia NHIF akistaafu hutibiwa pamoja na mwenza wake, na nimeona familia zinazolipia dawa taslimu kadi ikiwa kabatini kwa sababu tu hakuna aliyefuatilia.

Kuhusu hela za mfuko, usizitoe kimyakimya kwa sababu una huruma. Siku yakifumuka watasema ziliibwa. Badala yake peleka hoja Desemba: kiwepo kifungu cha ugonjwa, ambapo katibu na mweka hazina watatoa kiasi kilichopangwa kwa mwanachama anayeumwa bila kutangaza jina, na taarifa ya mwaka itaje idadi tu. Nimeona katiba nyingi za vyama vya namna hii. Harusi ina kiwango chake, msiba una kiwango chake, na mgonjwa hatajwi mpaka awe marehemu. Usitoe mfano, usilengwelengwe na machozi ukiwa mbele yao. Watakisia, waache wakisie. Itapita, kwa kuwa kila mmoja atakuwa anajipigia kura mwenyewe. Ikishapita, mwenzenu ndiye atakayeamua kama anapokea.

Hofu yako ya mwisho siwezi kukuondolea. Akifariki kabla hajaruhusu, watakulaumu, tena mbele ya watu, pale pale Ndago, na mmoja atasema ungetuambia tungemuokoa. Usianze kueleza kiharusi na kikokotoo. Jibu ni "alinikataza", ukarudi kukaa na mkewe. Utasikia lawama siku mbili tatu, kisha wataanza kuulizana rambirambi zimefika shilingi ngapi na nani bado hajatuma.