Uzamifu wa Biolojia Marekani Haununuliwi kwa Ngamia

Nina donge kooni.

Mwaka jana ukoo wetu uliuza ngamia wawili ili binamu yangu, ambaye ana digrii ya biolojia, apelekwe Marekani kusoma mpaka shahada ya uzamifu. Pesa alikabidhiwa wakala mmoja wa Nairobi aliyedai ati nafasi hizo hununuliwa. Hadi leo wakala hashiki simu, na ngamia wetu wanakamuliwa na watu wengine. Basi nikamwendea mwalimu wetu wa Biolojia, nikamsumbua kwa maswali majuma mawili, nikasoma alivyonipa. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, udaktari huu si ule wa hospitali. Nyanya yangu aliposikia alidhani nitakuwa nikidunga watu sindano. La hasha. Ni masomo ya utafiti, miaka mitano au sita hivi, na mwishoni unaandika tasnifu juu ya jambo ambalo hakuna aliyelijua kabla yako.

Jambo lililonishangaza ni karo. Katika programu nyingi za uzamifu wa biolojia kule, chuo chenyewe husamehe karo na kumpa mwanafunzi posho ya kuishi. Si sadaka. Unafanya kazi: unafundisha wanafunzi wa digrii ya kwanza katika maabara, au unatafiti kwa fedha za mradi wa profesa. Kwa hivyo mtu akikudai mamia ya maelfu ya shilingi ati akununulie nafasi, funga mfuko wako. Gharama za kweli zipo lakini ni ndogo kuliko hizo. Vyuo vingi hutoza ada ya maombi, mara nyingi chini ya dola 100 au kuzidi kidogo, na vingine huisamehe ukiomba mapema. Kuna mtihani wa Kiingereza wa TOEFL au IELTS, ingawa baadhi ya vyuo havimdai aliyesoma digrii yake kwa Kiingereza. Mtihani wa GRE, ambao zamani ulikuwa lazima, umeachwa na programu nyingi za biolojia. Ukishakubaliwa kuna dola 350 za kuandikishwa serikalini kama mwanafunzi mgeni, dola 185 za viza, na nauli ya ndege.

Si lazima uwe na uzamili kwanza. Mwenye digrii nzuri ya kwanza anaweza kuomba moja kwa moja. Maombi mengi hufungwa mwezi wa Desemba kwa masomo yanayoanza Agosti inayofuata. Unatuma matokeo yako ya chuo, barua tatu za walimu wanaokujua (si wanaojua jina lako tu!), na maelezo yako mwenyewe ya unachotaka kutafiti. Mahojiano huwa Januari au Februari, na vyuo vingi humpa aliyekubaliwa hadi tarehe 15 Aprili kuamua. Halafu chuo hukupa fomu ya I-20, nawe unakwenda nayo Gigiri, ubalozini, kuhojiwa.

Anayetaka kusomea wanyama pori au malisho humwandikia profesa kabla ya kutuma maombi, kwa sababu huko profesa ndiye hasa anayekuchagua. Anayetaka seli na jeni huchaguliwa na kamati, kisha hupitia maabara kadhaa kabla ya kutulia kwenye moja. Mgeni hapa ana kikwazo: fedha nyingi za serikali ya Marekani za kufunzia wanafunzi hawa ni za raia na wakaazi wa kudumu, hivyo nafasi zetu ni chache. Tena mwaka 2025 fedha za utafiti zilipoyumba, vyuo kadhaa vilipunguza nafasi, na kimoja cha Massachusetts kikafuta barua za kukubaliwa zilizokwisha kutumwa. Kwa hivyo usiombe chuo kimoja ukalala.

Sasa nije kwetu. Dkt. Abdullahi Hussein Ali ni Msomali wa Garissa. Alisomea uzamifu Chuo Kikuu cha Wyoming, nchi ya baridi na theluji, lakini swali lake lilitoka huku kwetu: mbona hirola wanakwisha? Hirola ni swala wa nyanda za Garissa na Tana River, na waliobaki porini hawafiki 500. Walifungwa kola shingoni ili mienendo yao ijulikane, na picha za setilaiti zikapimwa. Mwaka 2017 yeye na wenzake walichapisha matokeo: kati ya 1985 na 2012 miti katika makao ya hirola iliongezeka kwa asilimia 251. Tembo wanaoangusha miti walikuwa wamekwisha, mifugo imekula nyasi, na hirola anataka uwanda wazi. Aliwauliza pia wafugaji wenyewe ni njia gani za kurudisha nyasi wanaziunga mkono. Mwaka 2020 alipata tuzo ya Whitley ya Uingereza. Mimi naona profesa wa Wyoming angeweza kupata vijana elfu wenye alama nzuri, lakini wangapi wangeweza kuketi na mzee wa Ijara chini ya mti wakaelewana?

Jambo dogo linaloweza kukuponza ni majina. Sisi huandikwa Abdi huku, Cabdi kule, na babu akiachwa kwenye cheti kimoja. Cheti cha kuzaliwa, cha KCSE na pasipoti visipolingana, utahangaika. Sisi wa kidato cha tatu bado hatujafanya mtihani, basi kagueni majina yenu mapema yanaposajiliwa.

Binamu yangu nimemwonyesha haya yote. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza tarehe ya Desemba. Anaandika maelezo yake sasa, juu ya kupe wa ngamia, na mwalimu aliyemsimamia chuoni amekubali kumwandikia barua. Mimi nami nimeanza daftari: siku mvua iliponyesha Hadado, nyasi zilizoota kwanza, na zile ambazo ngamia wetu waliobaki wamezikataa.