Ikulu yenu ya vitenge

Haya, wadogo zangu, sogeeni. Mdogo wenu mmoja wa Gasenyi, mwenye miaka 13, ameniuliza swali lililonifurahisha kuliko yale yote ya kuhusu wavulana mnayonitumia. Binamu zake wanne wa Buyenzi wanakuja kulala kwao Jumamosi, naye anataka kuwajengea kijumba cha mablanketi na mito pale sebuleni. Amejaribu mara mbili. Mara zote mbili paa limemwangukia, na mara ya pili kiti kikafuata.

Mdogo wangu, mtaani kwenu kuna ikulu ya Ntare Rushatsi, ile iliyojengwa kwa msaada wa China ikazinduliwa mwaka 2019. Wewe unataka yako ya usiku mmoja tu, na mafundi wanne wanakuja wenyewe bila malipo. Mbona hiyo ni kazi ndogo.

Kosa lako nimeliona kwenye neno lenyewe: blanketi. Umeliona kwenye filamu za watu wa theluji, wanaotafuta joto kwa tochi. Sisi wa kando ya Tanganyika joto linatufuata mpaka kitandani. Ungekuwa umeniandikia kutoka Bugarama, kule juu kupita mita 2,000 ambako watu huvaa koti mchana, ningekwambia jifunikeni mtakavyo. Bujumbura, blanketi likae chini. Litandike juu ya mkeka liwe sakafu, mito ipangwe pembeni iwe ukuta. Paa liwe kitenge au shuka ya pamba: ni nyepesi, haivuti viti, na hewa inapita. Watoto watano wakihema chini ya blanketi zito, nusu saa haiishi mtatoka mmelowa kama mmetoka kuogelea.

Halafu usianze na viti. Anza na chandarua. Ndiyo, musikitera hiyohiyo ya kila siku. Kile cha pembe nne tayari ni chumba, kimekosa mapambo tu. Ninyi watano mtahitaji viwili, vikae bega kwa bega. Kamba zifungwe kwenye nondo za dirisha, kwenye kitasa cha mlango, kwenye msumari wa picha ya babu kama umeshika vizuri (picha iteremshwe kwanza, kwa heshima zake). Upande usio na pa kufunga, weka kiti cha mgongo mrefu na miguu yake uifunge kwenye bidoni la maji. Nyumba gani Bujumbura haina bidoni la akiba? La lita 20 likijaa ni kilo 20, kiti hakiendi popote. Ila bidoni likae sakafuni. Ukilipandisha juu ya kiti ukamwangushia mtoto wa watu, mimi sikukutuma.

Vitenge usivilaze juu ya chandarua, kitalegea kiwaguse usoni usiku kucha. Vitundike kwenye kamba, juu kidogo, na upande unaotazama dirisha uuache wazi. Pindo la chandarua lichomekwe chini ya magodoro pande zote. Hapa sitanii: malaria ndiyo inayojaza vituo vyetu vya afya, na mbu wake huuma usiku, hajali kama mna sherehe. Na asije binamu mwenye mkasi akasema anataka kutoboa dirisha.

Sasa nikupe siri ya kona, maana ndiyo iliyokuangushia paa. Ukifunga kamba kwenye ncha ya kitenge, inateleza. Chukua kijiwe laini, kikubwa kama kokwa la tunda, kiweke ndani ya kona, kikunje kama unafunga pipi, kisha zungusha kamba chini yake na ukaze. Kitenge hakichaniki, kamba haichomoki. Nimesema kama kokwa. Sikusema kokwa. Mimi niliwahi kutumia makokwa mabichi ya avoka kwenye shuka nyeupe ya mama, asubuhi tukakuta madoa manne ya rangi ya kutu, moja kila pembe, na hayakutoka mpaka shuka ikawa matambara ya kupangusia.

Kwa hiyo omba kabla ya kufungua kabati la mama. Vitenge vya kuvaa jikoni atakupa. Imvutano yake ya harusini usiiguse hata kama ndiyo ingefanya paa zuri kuliko yote duniani.

Mwanga: tochi, au taa ya sola iliyoshinda juani. Mshumaa hapana. Jiko la makaa la kuchomea mahindi, hapana pia, hata mvua ikinyesha kiasi gani; liwashwe nje, mahindi yaingie yakiwa yameiva. Karanga na mandazi kuleni ndani. Fanta inywewe nje ya kijumba, la sivyo mtaamka na sisimizi.

Lipo jingine hukuliuliza, ila nimeona umetaja kwamba mdogo kabisa ana miaka 5. Mtoto akilala ugenini, tena baada ya fanta, anaweza kukojoa. Mpe nafasi ya karibu na mlango, umwambie ni ya mlinzi wa ikulu. Chini ya shuka yake tandika nailoni mapema, kabla wenzake hawajafika. Saa 5 usiku mwamshe umpeleke chooni. Na ikitokea kalowesha, badilisha shuka gizani, asubuhi useme wewe ndiye uliyemwaga maji.

Mambo ya vitendawili nakuachia mwenyewe, lakini jiandae. Wale wa Buyenzi watakuja na “Kitendawili!” wakingoja “Tega!”, na nyumbani kwenu nyie mmezoea “Sokwe!” na “Niruze!” za Kirundi. Pigeni zamu, huku na huku. Atakayeshindwa anatoka nje ya chandarua kufuata mandazi, na akirudi achomeke pindo.

Jumapili niandikie paa limeshika mpaka saa ngapi. La kwangu la kwanza lilianguka saa 4 usiku, na tulikuwa bado hatujamaliza karanga.