Mzee Anaponyamaza: Tujifunze Kuitambua Sonona

Ndugu wananchi wa Kamembe, na majirani zetu wa ng'ambo ya mto Rusizi,

Mara nyingi polisi huitwa jambo likiwa limekwisha kuharibika: mzee ametoka nyumbani usiku na hajulikani alipo, au amekutwa amekunywa dawa ya kuulia wadudu. Tunapowauliza jamaa zake, hutujibu: "Alikuwa kimya tu, tukadhani ni uzee." Somo letu la leo limetokana na jibu hilo.

Uzee hupunguza nguvu, lakini hauondoi furaha. Mzee akipoteza hamu ya chakula, usingizi, ibada au mazungumzo kwa majuma mawili au zaidi, yafaa kushuku sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa agahinda gakabije. Wazee wengi hawasemi wana huzuni. Hulalamikia mgongo, kichwa au tumbo. Wengine husahausahau, wakadhaniwa wamepotewa na akili.

Hapa mpakani ziko sababu tunazozijua. Vijana huvuka alfajiri kwenda kuuza bidhaa Bukavu, wakarudi jioni wamechoka. Mzee hushinda peke yake. Wapo waliobeba majonzi ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na kila Aprili 7, kumbukumbu zinapoanza, majeraha yao huamka. Ng'ambo nako wapo waliokimbia vita zaidi ya mara moja.

Katika nyumba za Impinganzima, mojawapo ikiwa wilayani kwetu Rusizi, wazee walionusurika na kupoteza watoto wao wote huishi pamoja. Tunajifunza kwamba mzee huhitaji wenzake, si paa na chakula pekee.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, tusimnyang'anye mzee kazi zote. Kuchambua maharagwe au kumshauri mjukuu humkumbusha kwamba bado anahitajika.

Pili, tumuulize kwa upole kama anatamani kufa. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Humfungulia mlango wa kusema. Akikubali, asiachwe peke yake, na dawa za shambani zifungiwe mbali.

Tatu, tumwone mhudumu wa afya wa kijiji, kisha twende kituo cha afya, ambacho kikiona haja humpeleka hospitali ya Gihundwe. Sonona hutibika kwa mazungumzo na dawa. Dawa huchukua majuma kadhaa kabla nafuu haijaonekana, hivyo zisikatizwe bila ushauri wa daktari.

Nne, penye hatari tupigieni 112, au 912 kwa gari la wagonjwa, mkiwa upande wa Rwanda. Msiogope sare zetu: mgonjwa si mhalifu, nasi huja kuokoa.

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Basi jioni ya leo, kabla ya kulala, kila mmoja wetu aketi karibu na mzee wake na kumuuliza ameshindaje. Kisha asikilize mpaka mwisho.